Philip Boit na theluji: Kwa nini mapafu ya nyanda za juu hayakutosha

MAJIRA ya gathano yanapoingia, wakazi wa Othaya huamkia ukungu mzito unaoshuka kutoka msitu wa Aberdare, na wachuma majani chai hujifunika makoti mawili mawili kabla ya kuingia shambani. Asubuhi ambapo mbingu ni safi, kilele cha Mlima Kenya huonekana upande wa mashariki kikiwa cheupe. Mtu aliyezoea mandhari hayo ana haki ya kuuliza: ikiwa baridi tunayo, mlima tunao na wakimbiaji wa kutisha tunao, imekuwaje jina la Kenya halisikiki pale mataifa yanaposhindana kwenye theluji?

Swali hilo si la mzaha. Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wapatao milioni 1.3, haina mlima wowote wa kujivunia. Kilele chake kirefu zaidi, Suur Munamägi, kina mita 318 tu kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Othaya umekalia mwinuko unaopita mita 1,700. Hata hivyo, mwana wa Estonia aitwaye Allar Levandi alitwaa nishani ya shaba ya skii mseto katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Calgary, Kanada, mwaka 1988. Wakati huo nchi yake ilikuwa ingali chini ya Muungano wa Kisovieti na nishani hiyo ikaandikwa kwa jina la dola hilo. Estonia ilipojikomboa mwaka 1991, Levandi alirejea katika Olimpiki ya 1992 na ya 1994, safari hii akivalia rangi za nchi yake mwenyewe.

Kenya haijawahi kuwa na Levandi wake. Iliyempata ni Philip Kimely Boit, na kisa chake ndicho kinachojibu swali la mkazi wa Othaya vizuri zaidi kuliko nadharia yoyote.

Kwanza ni vyema msomaji aielewe michezo yenyewe. Skii ni mbao mbili nyembamba na ndefu ambazo mchezaji hufunga miguuni ili ateleze juu ya theluji. Watu wa Ulaya ya kaskazini, hasa Norway, Sweden na Finland, walizitumia kwa karne nyingi kama chombo cha kusafiria kabla hazijageuzwa kuwa mchezo. Kutokana na asili hiyo wakazaliwa ndugu watatu. Wa kwanza ni mbio za nyika za skii, ambazo mkimbiaji wetu angezielewa mara moja: ni kilomita kadhaa za kupanda na kushuka vilima, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Wa pili ni kuruka kwa skii. Mrukaji hukaa juu ya mnara, akajiachilia kwenye mteremko hadi kasi yake ikafikia takribani kilomita 90 kwa saa, kisha hujirusha hewani na kutua mbali chini ya kilima, wakati mwingine zaidi ya mita 100 kutoka alipoacha ubao. Wa tatu ni skii mseto, mchezo wa Levandi, unaowaunganisha wawili hao katika siku moja: mchezaji huruka kwanza, kisha hukimbia.

Hesabu ya skii mseto inastahili kuelezwa, kwani ina ufundi wake. Kila kilima cha kurukia huwa na mstari uliopimwa. Anayetua juu ya mstari huo hupewa alama 60 za umbali. Anayeupita huongezewa, anayepungukiwa hukatwa. Waamuzi watano hutazama jinsi alivyotulia hewani na alivyotua, na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa ili upendeleo upungue. Jumla ya alama hugeuzwa kuwa muda. Katika utaratibu wa miaka ya karibuni, kila alama 15 ni sawa na dakika moja. Aliyeongoza katika kuruka huanza mbio za kilomita 10 akiwa peke yake, na wengine huachiliwa nyuma yake kwa kadiri ya deni lao. Mwenye mapafu makubwa anaweza kuanza wa thelathini akamaliza wa tano, ila ni lazima kwanza awe ameruka. Katika mchezo huu hakuna mlango wa nyuma wa mkimbiaji. (Hakuna mlango wa wanawake vilevile: hadi michezo ya Milano na Cortina ya mwaka 2026, skii mseto ndio mchezo pekee wa Olimpiki ya baridi uliowafungia nje, jambo ambalo wachezaji wa kike wamelilalamikia kwa miaka.)

Wazo la kumfundisha Mkenya kuteleza halikuzaliwa Kenya. Lilitoka kwa kampuni ya viatu na mavazi ya michezo ya Nike. Miaka ya tisini Wakenya walikuwa wakizoa ushindi katika mbio za masafa ya kati na marefu kiasi kwamba dunia iliamini mapafu yao hayana mpaka. Mtu akauliza: je, mapafu hayo yakipelekwa kwenye theluji? Wakachaguliwa wakimbiaji wawili, Boit na mwenzake Henry Bitok, na mwanzoni mwa 1996 wakapelekwa Finland. Boit, aliyezaliwa Eldoret mwaka 1971, hakuwa mgeni wa riadha. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na ni wa ukoo mmoja na Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya masafa hayo katika Olimpiki ya Munich ya 1972. Theluji, hata hivyo, hakuwa amewahi kuikanyaga.

Wako waliosema wakati huo kwamba hiyo ilikuwa mbinu ya kuuza viatu. Hawakukosea sana, kampuni ya biashara haigharamii safari za watu wawili hadi Finland kwa huruma. Lakini ni kosa kudhani kwamba kwa kuwa mfadhili alitafuta tangazo, basi na mchezaji naye alikuwa tangazo. Boit alikuwa na miaka miwili tu ya kujifunza kile ambacho mtoto wa Norway huanza kujifunza kabla hajaingia shule ya msingi. Aliitumia. Finland ilipomkosa, alifanya mazoezi kwenye barabara za Eldoret akiwa na mbao fupi zenye magurudumu, fimbo mikononi, huku akitazamwa na watu ambao bila shaka hawakujua wamwite nani.

Siku yake ilifika Februari 12, 1998, katika uwanja wa Hakuba, Japani, kwenye mbio za kilomita 10 za mtindo wa kale wakati wa Olimpiki ya Nagano. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Bjørn Dæhlie wa Norway, mtelezaji aliyekuwa akiogopwa kuliko wote katika zama hizo, alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza wa 92, ambayo ilikuwa nafasi ya mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5. Alipokuwa akisogelea utepe, sherehe ya kuwatunuku washindi ilikuwa imekawia. Dæhlie alikuwa amekataa kuondoka. Alisimama pale kwenye mstari kwa takribani dakika 20 akimngoja mtu wa mwisho, na alipofika akamkumbatia. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na urafiki wa wawili hao ukadumu.

Tuzitazame namba hizo kwa jicho la riadha, maana ndani yake mna fundisho ambalo picha ya kumbatio haikulionyesha. Mwezi huo wa Februari 1998, rekodi ya dunia ya mita 10,000 uwanjani ilikuwa mikononi mwa Mkenya, Paul Tergat, ambaye Agosti 1997 mjini Brussels alikuwa ametumia dakika 26 na sekunde 27.85. Dæhlie, akipanda na kushuka vilima vya theluji, alipungukiwa na muda huo kwa chini ya dakika moja. Mwanariadha wa kiwango cha Boit, ukimweka barabarani na viatu vyake vya kawaida, angemaliza kilomita 10 muda mrefu kabla ya dakika 47. Kwa maneno mengine, mbao zile, ambazo kwa Dæhlie zilikuwa mabawa, kwa Boit zilikuwa pingu. Kila kilomita ilimgharimu dakika mbili zaidi ya mshindi. Mapafu yake hayakuwa na hitilafu yoyote. Kilichomchelewesha ni miguu, mabega na mizani.

Katika mtindo wa kale, mtelezaji husukuma ubao mmoja mbele huku akiukandamiza mwingine ili ushike theluji. Chini ya ubao, sehemu ya kati hupakwa nta inayonata na ncha zote mbili hupakwa nta inayoteleza. Uzito ukiwa kamili juu ya mguu mmoja, ubao hupinda na nta ya kati hugusa theluji ikashika. Uzito ukigawanyika, ubao haugusi na mguu huteleza kurudi nyuma. Nta yenyewe huchaguliwa kulingana na joto la theluji ya saa hiyo, na wataalamu wanaojua kuichagua vyema hulindwa kama siri za jeshi. Zaidi ya hayo, karibu nusu ya kazi hufanywa na mikono na mgongo kwa kusukuma fimbo. Mkimbiaji wa mita 800 hujengwa makusudi awe mwepesi kuanzia kiunoni kwenda juu. Hivyo Boit aliingia vitani akiwa amewaacha nyumbani nusu ya askari, na hao waliobaki wakawa hawajui lugha ya amri.

Baada ya Nagano msaada wa Nike ulikoma. Hapa ndipo kisa cha Boit kinapoanza kuwa na uzito, na hapa ndipo magazeti mengi yalipofunga daftari. Mtu aliyekwenda kwa sababu ya tangazo angerudi nyumbani na picha yake. Boit aliendelea. Alibeba bendera ya Kenya akiwa mchezaji wake pekee katika Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, mwaka 2002. Akaibeba tena, akiwa peke yake vilevile, mjini Torino, Italia, mwaka 2006, alipokuwa na umri wa miaka 34. Huko Torino, katika mbio za kilomita 15 za mtindo wa kale, hakuwa wa mwisho. Waliomaliza nyuma yake walikuwa wachache, na jedwali la matokeo bado linamweka katika kurasa za mwisho, lakini mtu aliyefika Hakuba peke yake baada ya dakika 20 za ukimya sasa alikuwa na watu wa kuwangoja. Hakuna bingwa aliyesimama kumkumbatia siku hiyo, na kamera hazikuwa na haja naye. Ukimpima Boit kama mwanamichezo badala ya kama kioja, mbio zake bora ni zile ambazo watu wachache wanazikumbuka.

Alijaribu kufuzu kwa Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010 na hakufaulu. Aidha, kati ya Olimpiki moja na nyingine alijitokeza katika mashindano ya dunia ya skii, yakiwemo ya Oslo mwaka 2011, katika nyumba ya mchezo wenyewe.

Kwa upande wa kuruka na skii mseto, Kenya haikujaribu hata mara moja, na sababu si theluji kama wengi wanavyodhani. Warukaji wa Ulaya hufanya mazoezi majira yote ya kiangazi. Kilima hufunikwa kwa mikeka ya plastiki inayomwagiwa maji, njia ya kushukia hujengwa kwa vigae laini, na mrukaji hutua juu ya plastiki hiyo kana kwamba ni theluji. Mashindano makubwa ya kimataifa hufanyika hivyo Julai na Agosti. Kwa nadharia, kilima cha namna hiyo kingeweza kujengwa kwenye mteremko wowote wa Nyeri, kikamwagiwa maji ya mto, na mtoto wa Othaya akajifunza kuruka bila kuona chembe ya theluji.

Kinachokosekana ni mambo mengine. Cha kwanza ni umri. Warukaji huanza wakiwa na miaka sita au saba kwenye vilima vidogo vya mita chache, wakapanda ngazi kwa ngazi, kwa kuwa woga wa urefu huondolewa utotoni au hauondolewi kabisa. Mwanariadha wa miaka 24 anaweza kufundishwa kuteleza kwa miaka miwili na akafika mwisho wa mbio akiwa amechoka. Ukimfundisha kuruka kwa miaka miwili na kumpandisha mnara wa Olimpiki, unacheza na uti wake wa mgongo. Cha pili ni wenzake. Katika mji wa Otepää, kusini mwa Estonia, skii ni shughuli ya kijiji kizima. Mtoto hukuta kilima, mkufunzi na watoto wengine ishirini wa kushindana nao. Othaya hali ni hiyo hiyo upande wa mbio. Mkoa huu ndio uliomtoa Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni wa 2003 na 2007 na mshindi wa nishani za fedha za Olimpiki za 2004 na 2008. Msichana anayekimbia kwenda shule leo katika vilima hivi anajua kwamba njia hiyo imewahi kumfikisha mtu mahali.

Cha tatu ni sheria. Katika michezo ile ile ya Calgary ambako Levandi alipata shaba, Mwingereza Michael Edwards, aliyekuwa fundi wa kupiga plasta, alishiriki kuruka kwa skii akawa wa mwisho katika vilima vyote viwili. Watazamaji walimpenda mno. Wakuu wa mchezo hawakupendezwa, na mwaka 1990 wakaweka sharti kwamba anayetaka kwenda Olimpiki awe amemaliza katika asilimia 30 bora ya mashindano ya kimataifa au miongoni mwa wachezaji 50 wa kwanza. Lamine Guèye wa Senegal, aliyeshiriki Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984 akiwa mtelezaji wa kwanza Mwafrika mweusi, amepinga kwa miaka mingi masharti yanayowafungia nje wachezaji wa mataifa yasiyo na theluji. Ana hoja: katika Olimpiki ya majira ya joto, nchi ndogo hupewa nafasi za huruma katika mbio na kuogelea, na hakuna anayesema mchezo umevunjiwa heshima. Lakini kwenye mnara wa kurukia wakuu nao wana lao la kusema, kwa sababu asiyejua huko hachelewi tu, huvunjika.

Mkenya mwingine aliyefika Olimpiki hiyo alipitia njia tofauti kabisa. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, mwaka ule ule wa Nagano, na akahamia Austria akiwa na umri wa miaka mitatu. Alikulia milimani, akafunga skii angali mdogo, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi, huko PyeongChang, Korea Kusini. Mchezo wake ulikuwa kushuka miteremko mikali kwa kasi, na katika moja ya mbio zake alimaliza wa 38. Ukilinganisha nafasi hiyo na ile ya Boit, tofauti si kipaji. Mmoja alikutana na theluji akiwa na miaka mitatu, mwingine akiwa na miaka 24. Hata hivyo kukulia Austria hakukuondoa tatizo la pesa, na Olimpiki ya Beijing ya 2022 ilipita bila mchezaji yeyote wa Kenya.

Ule weupe unaoonekana kutoka Othaya, kwa bahati mbaya, haungeweza kumsaidia yeyote kati yao. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipoandika kwamba aliuona mlima wenye theluji akiwa Ukambani mwaka 1849, wasomi wa Ulaya walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Alikuwa sahihi, lakini theluji hiyo si ya kuchezea. Iko juu ya mita 4,000, mahali ambapo hewa ni haba hata kwa mapafu ya Nyeri, ndani ya mbuga ya taifa. Jua la mchana huiyeyusha na baridi ya usiku huigandisha ikawa kigaga. Isitoshe, inakwisha. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imepimwa na wanasayansi kwa miongo mingi, na kila wanaporudi huikuta imesinyaa. Sehemu kubwa ya ile iliyokuwapo Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899 haipo tena. Kwa wakulima wa kaunti hiyo, ambao mito yao hutegemea mlima na misitu yake, hilo ni jambo zito kuliko nishani.

Kuhusu Boit, iko tabia ya kumtaja kila baada ya miaka minne, Olimpiki ya baridi inapokaribia, na kuonyesha tena lile kumbatio. Ni picha njema na Dæhlie anastahili sifa zake. Ila inamwonyesha Boit akipokea. Haionyeshi yale magurudumu kwenye lami ya Eldoret, wala miaka minane iliyofuata, ambayo mfadhili wake wa kwanza hakuigharamia na ambayo ilimtoa nafasi ya 92 kati ya 92 hadi mahali ambapo alikuwa na mtu wa kumshinda. Kwa mkufunzi yeyote wa riadha wa Nyeri anayejua ni saa ngapi za kazi humwinua mwanafunzi kutoka wa mwisho hadi wa tano kutoka mwisho, hiyo ndiyo sehemu ya kusimulia.